Uchungu wa Kuazima

Jumatatu, 4 Mei
Mtangazaji wa redio amekuja kwenye mazoezi yetu, anachagua watakaopanda jukwaani Jumamosi kwenye tamasha la muziki wa asili. Nikaimba wimbo wangu wa kuachwa na mpenzi. Gita halikuteleza hata kidogo. Akasema sauti yangu ni safi ila haina roho, ni kama nyumba nzuri isiyo na watu. Nafasi kanipa, lakini ya kufungua, wakati watu bado wanatafuta viti. Ya kufunga kampa mwenzetu Mkwaruzo.

Mkwaruzo! Akiimba ule wimbo wa marehemu mama yake, hata paka huinamisha kichwa.

Mimi nauza magodoro. Nimeoa mke anayenipenda. Uchungu nitautoa wapi?

Jumanne, 5 Mei
Nimelala sakafuni kutafuta mateso. Mgongo umeuma, wimbo haujaja. Dukani nikasinzia juu ya godoro la maonyesho. Bosi akadhani nawavutia wateja, akanisifu kwa ubunifu. Hata kuteseka nashindwa.

Jumatano, 6 Mei
Nimepata dawa. Anayeimba kuachwa sharti aachwe. Nimemwomba mke wangu aniache, mpaka Jumamosi tu. Yeye hufundisha watu kuendesha gari, amezoea wanaume wanaokanyaga breki bila sababu. Akauliza kwa nini nisibuni uongo kama wanamuziki wenzangu. Nikamweleza habari za ukweli wa sanaa. Akasema sawa. Akafungasha, akaenda kwa mama yake.

Amelipokea vizuri sana.

Nikakaa na gita kuusubiri uchungu. Haukuja. Nikalala katikati ya kitanda, nikakoroma.

Alhamisi, 7 Mei
Bado. Nimepita sokoni, nikamkuta Mkwaruzo kwenye mitumba yake. Anaita wateja tangu alfajiri, kumbe ndiko koo lilikokwaruzika. Nikampa pole ya mama. Akashangaa. Mama mwenyewe alikuwa nyuma ya lundo la suruali, anakunja. Nikamwamkia, akaitikia kwa sauti ya afya tele.

Nikamvuta Mkwaruzo kando, nikamuuliza anamlilia vipi mtu aliye hai. Akasema mwaka juzi mama aliugua, akauandika wimbo ule akiwa kando ya kitanda. Mama akapona. Lakini kila akiuimba, hofu humrudia upya.

Sasa mimi sielewi. Mama yake yu hai na wimbo una roho. Mke wangu kaondoka kweli na wangu hauna?

Ijumaa, 8 Mei
Nimempigia mke wangu. Akapokea mama mkwe. Akasema binti yake yuko sebuleni na dada zake, wanacheka, hataki kukatizwa. Nikauliza kesho anarudi saa ngapi.

"Kurudi?" mama mkwe akasema. "Mbona hajasema habari ya kurudi, baba?"

Chakula hakikupita. Nadhani ni tumbo.

Jumamosi, 9 Mei
Nimepanda jukwaani watu wakiburuta viti. Pale anapokaa mke wangu siku zote, mbele kushoto, kulikuwa na bwana mmoja mwenye kofia. Nikaimba mstari wa kwanza. Macho yangu yakaganda kwenye ile kofia. Nikaurudia. Wa pili sikuukumbuka kabisa. Viti vikanyamaza. Mama yake Mkwaruzo akatoa kitambaa, akajifuta macho. Nikalaza gita chini, nikatokea mlango wa jikoni. Nyuma yangu makofi. Sikugeuka mpaka kwa mama mkwe.

Mke wangu alifungua mwenyewe. Nikamwambia uchungu nimeupata, umetosha, turudi nyumbani. Hakucheka.

"Uliniomba niondoke," akasema. "Hukuniuliza mimi itaniuma kiasi gani."

Nikakaa kizingitini. Baada ya muda akaja, akakaa kando yangu. Hakunigusa, lakini alikaa.

Jumapili, 10 Mei
Amerudi. Kaniapisha kwamba moyo wake si kamba ya gita, nisiupigepige nikitafuta nyimbo. Nimeapa, tena kwa machozi. Nyumba ina watu.

Jumanne, 12 Mei
Mtangazaji kapiga simu. Anasema hajapata kusikia ukweli kama ule, mstari mmoja na kimya. Anataka albamu nzima. Nyimbo nane! Uchungu ninao mmoja tu, na huo nimeuapia.

Nimewaza kutwa nzima dukani. Mke haguswi, kiapo ni kiapo. Lakini kazi? Kesho nitasimama mbele ya wateja niseme magodoro ya bosi yanavunja migongo. Atanifukuza papo hapo. Nikikaa miezi miwili bila mshahara, nyimbo tatu hazikosekani.

Mke wangu simwambii. Sitaki aumie.