Futi ya Injinia

Redio ya Edinah, mama chai wetu hapa maegesho ya malori Malaba, ndiyo iliyotuchokoza. Ilitangaza kwamba choo cha soko fulani, kilichokadiriwa milioni mbili, kimefika milioni tisa na bado hakina mlango.

"Watu wamekula!" Transit akafoka. Huyu ni Okwakol, dereva ambaye lori lake limekaa foleni mpaka tumemzoea kama jirani.

"Si lazima wamekula," akajibu Makokha, fundi wa nyumba tunayemwita Injinia. "Kukadiria ni kazi ngumu."

"Wewe nyamaza!" Ikapel, ambaye Injinia anamjengea nyumba, akagonga meza, chai ikamwagika. "Wakwe wanakuja Jumamosi kuona nyumba, na mabati yako imeishia bedroom! Sitting room inaangalia mbingu!"

Tukasogeza viti karibu. Utamu ulikuwa umeanza.

"Mabati ni ile tuliandika," Injinia akajitetea. "Nyumba futi thelathini kwa ishirini. Msingi nilipima mwenyewe."

"Ulipima na nini?"

"Na futi."

"Tape ilikuwa wapi?"

"Tape ya nini, boss? Mwalimu alitufunza futi ni mguu. Nikaweka mguu, nikaweka mguu, mpaka thelathini."

Edinah akainama kuchungulia chini ya meza, akainuka ameshika kifua. "Uuwi! Na hiyo gambuti ni namba ngapi?"

"Kumi na tatu."

Nilicheka mpaka mandazi yakanipalia, wala sioni haya kusema.

"Sasa pale hardware," Transit akauliza, "mabati walikupimia na mguu ya nani?"

"Hiyo ni makosa ya hardware. Wako na miguu ndogo."

Ikapel peke yake hakucheka. "Mama mkwe nitamkalisha wapi? Kwenye mabati iko ni bedroom, na kitanda yangu iko huko! Mama mkwe aone kitanda yangu? Hapo bibi yangu Anyait wanarudi naye kwao, na mimi nabaki na kuta."

Nikamwonea huruma kweli, maana kwetu mama mkwe kuona kitanda cha mkwewe ni mwiko usio na mzaha. Hata Edinah alimwongezea chai bila kuulizwa.

Injinia akampigapiga begani. "Boss, wacha wageni wakae tu sitting room. Jumamosi haitanyesha."

"Umejuaje?"

"Nimekadiria."

Ikapel akatoa simu, akaanza kumtafuta mtu wa tenti.