Nani Atapewa Ufunguo wa Nyumba ya Likizo

Jumatatu, 4 Agosti
Tumefika nyumba ya likizo ya baba mkwe. Ndogo, lakini bahari unaiona ukiwa jikoni. Mezani mzee katangaza: amechoka, Ijumaa ufunguo atamkabidhi atakayeonyesha anaweza kuitunza familia. Akatutazama mimi na mwanyumba wangu, aliyemwoa dada wa mke wangu. Mtu mwenyewe hata kuogelea anavaa saa. Ufunguo ni wangu!

Jumanne, 5 Agosti
Nimewatembeza mji wa kale. Sijawahi kufika huko, ila maneno ninayo. Mbele ya jengo lenye nguzo nikasimulia mfalme alivyozaliwa chumba cha juu, mvua ikinyesha. Mama mkwe machozi yakamlengalenga. Mwanyumba akazunguka nyuma, akarudi kusema kuna kibao: lilikuwa ghala la chumvi. Mke wangu akauliza kama mfalme alizaliwa juu ya magunia.

Jumatano, 6 Agosti
Pwani. Nikawachagulia mwamba wa peke yetu, mbali na kelele; mwanyumba peke yake akabaki ufukweni. Suala la maji kujaa halikunijia kichwani. Yakajaa. Tukabaki juu tumejikunyata, baba mkwe na kiatu kimoja, kingine kikienda zake. Nani akaja na mashua ya kukodi na chupa ya chai? Sina haja ya kumtaja. Chai ilikuwa tamu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Alhamisi, 7 Agosti
Zamu ya mwanyumba kutupeleka ngomeni kwa gari lake. Asubuhi nikauchukua ufunguo wa gari, nikautumbukiza kwenye koti langu nyuma ya mlango. Wakatafuta hadi chini ya magodoro. Nami nikatafuta, kwa bidii kuliko wote. Safari ikafa. Mwanyumba kanywea!

Jioni natia mkono mfukoni: hamna kitu. Kumbe makoti ya kijivu yalikuwa mawili. La pili ni la baba mkwe, naye amelivaa.

Ijumaa, 8 Agosti
Mzee kasimama, akatia mkono kwenye koti kutoa ufunguo wa nyumba. Ukatoka wa gari. Hakuuliza ni nani. Alinitazama mimi tu, na aibu niliyoiona ni Mungu anajua. Kisha akautoa ule mwingine, akampa mke wangu.

"Chukua wewe, mwanangu. Kama huyu umeweza kumtunza, nyumba haitakushinda."

Wakacheka wote. Mwanyumba alicheka mpaka akakohoa.

Wacheke. Cha mke wangu ni changu. Sasa hivi kajilaza, ufunguo kwenye mkoba, mkoba chini ya kichwa. Si neno. Atageuka tu.