Dunia Inatumia Brauza Gani: Hesabu Zangu za Temeke

Jumatano, 3 Machi 1999

Bi Mwanabaraka ametukusanya asubuhi kabla ya kufungua duka. Kutukusanya maana yake mimi na Khalfani, kwa kuwa wafanyakazi wa duka lake la intaneti ni sisi wawili tu. Amesema mashine zetu nne ni za mtumba, na zikibebeshwa brauza mbili zinaganda. Itabaki moja. (Brauza ni ile programu inayofungua kurasa za intaneti. Naandika maana kwa faida ya atakayelikuta daftari hili nikishafariki.)

Jumamosi ya tarehe 13 fundi Gaspar anakuja kuchora ukuta wa nje. Bi Mwanabaraka anataka ichorwe alama ya brauza itakayobaki, tena iwe ile inayotumiwa na dunia. Hataki mgeni apite hapa akute tumechora marehemu. Atakayemletea jibu lenye ushahidi ndiye atakayekuwa msimamizi wa duka jipya la Tegeta.

Khalfani akajibu palepale: Explorer. Hakufikiri hata kidogo. Mimi nikasema Netscape. Nami sikufikiri, ila nilikunja uso kwanza.

Ukweli ninaoweza kuuandika humu: daftari langu la kozi lina kurasa 42 zilizojaa, na kila ukurasa unaanza na maneno "Fungua Netscape". Ikiondoka, ninachokijua chote kinaondoka nayo. Nabaki mtu wa Masasi mwenye cheti cha kidato cha nne na mwandiko mzuri. Tegeta hawahitaji mwandiko mzuri.

Alhamisi, 4 Machi

Nimeitafuta dunia kwenye intaneti. Dakika arobaini, laini ya simu imekatika mara tatu. Nimepata ukurasa wa watu wanaohesabu brauza. Netscape asilimia 61. Nikachapa, nikapigia mstari kwa rula.

Nimefika mezani kwa Bi Mwanabaraka, Khalfani ameshatangulia na karatasi yake. Ukurasa mwingine, watu wengine, Explorer asilimia 57. Bi Mwanabaraka akaziweka karatasi pamoja, akajumlisha kwa kidole juu ya meza. Akatuuliza dunia yenye asilimia mia moja na kumi na nane iko wapi, maana yeye kwao Mbwamaji hakuwahi kuiona. Tukarudishwa kazini.

Alasiri alikuja Mama Demetria. Huja kila Alhamisi saa tisa, akiwa amevaa kitambaa cha kanisani, kusoma barua za binti yake Auleria, ambaye ni muuguzi Kanada. Miezi mitano iliyopita nilimtengenezea kitufe ndani ya Netscape chenye jina AULERIA. Nilimwambia: mama, bonyeza usukani wa meli, ukiliona jina la mwanao libonyeze, barua iko humo. Hajakosea tangu siku hiyo. Hupuliza miwani, huifuta, husoma na kujibu kwa dakika kumi na tano, huaga.

Leo nilimuuliza kitaalamu, kwa ajili ya utafiti, yeye ni mtumiaji wa brauza gani. Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu Anselmo, mie natumia mashine ya tatu."

Sikuandika jibu hilo. Halikuwa na safu.

Ijumaa, 5 Machi

Nimewaza sana juu ya zile karatasi mbili. Nadhani nimeelewa. Kila ukurasa unahesabu watu waliopita mlangoni pake. Ukikaa kwa muuza pweza ukahesabu walaji, utaapa kwamba Dar es Salaam nzima inakula pweza. Aliye kwa muuza mihogo naye ataapa. Wote wawili ni wakweli, na wote hawajui Dar inakula nini.

Wazo hili lilinituliza kwa muda, kisha likanitia hofu. Kama hakuna mtu anayeiona dunia yote, basi Tegeta ataipata mwenye sauti kubwa. Khalfani ana sauti kubwa.

Uamuzi: naachana na dunia, naanza na mtaa. Nyumba kwa nyumba. Watu hawajawahi kuona brauza, lakini hilo si kikwazo. Wazee wetu walipiga kura kwa alama za jembe na nyumba bila kuuliza mgombea ana urefu gani. Nimechora kadi mbili. Moja usukani wa meli, ndiyo alama ya Netscape. Nyingine ile herufi e ya buluu ya Explorer. Usukani nimeupaka rangi vizuri zaidi. Hakuna sheria inayokataza.

Jumamosi, 6 Machi

Sensa.

Nyumba ya kwanza hadi ya kumi na mbili mambo yalikwenda vizuri. Usukani kura 9, e kura 3. Mmoja wa walioichagua e alisema inafanana na kitumbua kilichong'atwa, na yeye hajanywa chai. Nikamwekea alama ya mashaka.

Ili nisihesabu nyumba moja mara mbili, kila niliyoimaliza niliiwekea X ya chaki karibu na mlango. Ndivyo tulivyofundishwa somo la jiografia kidato cha tatu.

Nyumba ya kumi na tatu mlango ulifungwa kabla sijabisha. Ya kumi na nne pia. Nikageuka. Nyuma yangu mtaa mzima uko nje. Akina mama wanasugua kuta kwa matambara, mzee mmoja anatoa kitanda uani, mwingine anabeba dirisha ambalo nadhani alikuwa ametoka kuling'oa ili liwe salama. Hapo ndipo nilipokumbuka nani mwingine katika jiji hili huweka X kwenye nyumba, na kwamba kinachofuata baada ya hiyo X ni tingatinga.

Mjumbe wa nyumba kumi, Mzee Mfaume, akaja na rejista chini ya kwapa. Nikampa shikamoo. Akaipokea, kisha akaniuliza barabara inapita wapi. Nikamwambia hakuna barabara. Akauliza kama hakuna barabara, huu usukani ni wa chombo gani. Nikamweleza kwamba ni wa kupita kwenye intaneti. Akauliza intaneti ina upana wa mita ngapi.

Uvumi ulikuwa umeshakamilika: waliochagua usukani watahamishiwa Chanika, waliochagua e watabaki. Wote tisa wakaja kubadilisha kura. Na wa nyumba ambazo sikufika wakaja kupiga. Matokeo ya mwisho, mbele ya Mzee Mfaume, yakatiwa sahihi na mhuri: usukani 0, e 47.

Nilifuta X zilizobaki kwa shati langu mwenyewe.

Jumatatu, 8 Machi

Khalfani amenipokea kwa kusimama. "Mwenyekiti wa Tume, shikamoo! Chanika tunahama lini, tuanze kufunga mizigo?" Habari za Temeke haziendi kwa miguu.

Nimemwambia Bi Mwanabaraka kwamba sensa ya mtaa ilikuwa ya majaribio. Nikapendekeza njia ya kisayansi: tuhesabu wateja wetu wenyewe, Jumanne hadi Ijumaa, kila mmoja anafungua nini kwa hiari yake. Akakubali. Khalfani naye akakubali, haraka kuliko nilivyopenda.

Jioni, wakati wa kufagia, nimeichukua ile herufi e katika mashine zote nne, nikaitia ndani ya folda, folda ndani ya folda nyingine, na ya nje nikaiita "Vitu vya Zamani". Sijaifuta. Mteja mwenye hiari ya kweli ataitafuta.

Jumanne, 9 Machi

Usukani 23. Explorer 1. Huyo mmoja ni Khalfani mwenyewe, alitumia dakika sita kuitafuta. Hakulalamika. Alipiga mluzi.

Jumatano, 10 Machi

Usukani 26. Explorer 0. Nimeanza kuwaza jinsi nitakavyopanga viti Tegeta.

Jambo moja la ajabu. Khalfani naye anaweka hesabu zake, na alionekana mwenye furaha. Nilichungulia karatasi yake: Explorer 26, Netscape 0. Nikadhani amechanganyikiwa kwa ajili ya kushindwa. Nilimwonea huruma, nikamwachia kipande cha andazi.

Alhamisi, 11 Machi

Mama Demetria alikuja saa tisa kamili. Alikaa mashine ya tatu. Alibonyeza usukani. Nikaweka kijistari: usukani 1.

Hakupuliza miwani. Alikaa akitazama kioo, mikono mapajani, kama mtu aliye hospitali anayesubiri kuitwa jina. Nilikuwa nahesabu mashine ya pili na ya nne, sikumwendea. Dakika kumi na tano zilipokwisha akasimama.

Akaniambia, kwa sauti ya kumtetea mtu asiyekuwepo, "Auleria hajaandika. Labda kazi zimembana." Nikasema labda. Akaaga.

Baada ya saa moja nikaenda kuzima mashine ya tatu. Dirisha lililokuwa wazi halikuwa la Netscape. Lilikuwa la Explorer. Nikafunga, nikabonyeza usukani. Ikafunguka Explorer. Nikarudia mara nne, maana mimi ni mtu wa utaratibu.

Khalfani alikiri bila taabu. Juzi usiku, nilipoondoka, aliichukua picha ya usukani akaivisha Explorer katika mashine zote. Mteja anabonyeza usukani, inafunguka Explorer. Mimi nahesabu vidole, yeye anahesabu madirisha. Akasema mimi niliificha brauza yake, yeye hakuificha yangu, ameivalisha yake nguo tu. Nikamuuliza kama anaona aibu. Akaniuliza mimi nimeiweka wapi yangu, aiangalie.

Ndipo nikakumbuka kitufe cha AULERIA. Kiko ndani ya Netscape tu. Nilimwambia yule mama, ukiliona jina, barua ipo. Hakuliona jina. Amekwenda nyumbani akiamini mwanawe amenyamaza.

Tuliziweka karatasi zetu pamoja, mimi na Khalfani. Vijistari vyangu 74. Vyake 74. Watu walewale.

Ijumaa, 12 Machi

Tumemfuata Mama Demetria kwake Mtoni kabla ya kufungua duka. Khalfani alisema atabaki, kisha akaja. Njiani kila mmoja alitunga maelezo. Tulipofika, yeye alikuwa ameshatoa viti, na maelezo yote yakawa mabaya.

Nikamwambia ni kosa letu, jina la mwanawe lipo, tuliliweka mahali pengine. Hakuuliza mahali gani. Aliingia ndani, akatoka na kitambaa cha kanisani, tukaondoka na kukuta duka limeshafunguliwa.

Mashine ya tatu. Netscape yenyewe, nimeihakikisha mara tatu. Kitufe. Barua zilikuwa mbili. Alipuliza miwani, akasoma ya kwanza kimya. Ya pili akaanza kuisoma kwa sauti bila kukusudia, na wateja wote wakaacha mambo yao. Auleria amejifungua Jumanne. Mtoto wa kike, kilo tatu na robo. Ameitwa Demetria. Mwisho wa barua aliandika: mama, mbona jana Alhamisi hujanijibu, nilikesha nikisubiri.

Bi Mwanabaraka alikuwa mlangoni. Alisikia yote, na kabla ya hapo, nadhani, alikuwa ameshafungua "Vitu vya Zamani".

Mama Demetria alifuta macho, akasema, "Kumbe alikuwepo. Mlango tu ndio ulihamishwa." Hakusema kwa kutulaumu. Ingekuwa nafuu angelaumu.

Jumamosi, 13 Machi

Gaspar amekuja na ndoo na ngazi. Bi Mwanabaraka ametusimamisha ukutani kama mchoro.

Akasema ametusikiliza siku kumi. Ana karatasi ya asilimia 61, karatasi ya 57, hati yenye mhuri wa mjumbe ya kura 47 kwa sifuri, na vijistari 74 mara mbili. Kati ya watu wote hao aliowaona, aliyejua anachokitaka ni mmoja, naye hakujua jina la brauza. "Watu wanatumia wanachokikuta, wanangu. Anayewawekea ndiye anayechagua. Kwa hiyo awekaye na aogope Mungu."

Kisha akatoa hukumu. Explorer ibaki kwenye mashine tatu, kwa sababu ilikuja na mashine zenyewe na haihitaji mtu wa kuipenda. Netscape ibaki kwenye mashine ya tatu peke yake, pasiguswe. Ukutani ichorwe bahasha.

Tegeta bado haina msimamizi. Alisema atafikiri.

Gaspar amechora bahasha nzuri, na stempu yake. Mama mmoja alisimama akauliza kama hapa wanauza bahasha. Akaingia, akatoka na anwani ya barua pepe.

Nimepiga hesabu wakati wa chakula. Netscape, kwa upande wetu, ni asilimia 25. Mtumiaji mmoja, asiyetaka kuhama kiti. Nashuku kwamba asilimia nyingi za dunia, ukizifungua, ndani yake amekaa mtu wa namna hiyo, anamsubiri wake. Hili nimeliandika ukurasa wa 43 wa daftari la kozi.

Jumatatu, 15 Machi

Nimeamka mwepesi. Nimejifunza, nadhani nimekuwa mtu mwingine.

Bi Mwanabaraka ameuliza leo, kwa kupitapita tu, wateja wapya tuwafungulie anwani za barua pepe kwa kampuni ipi. Khalfani akataja moja palepale. Hakufikiri hata kidogo. Nikataja nyingine.

Bi Mwanabaraka akatutazama wote wawili, akaenda kuswali.

Lakini nimeuona uso wake. Tegeta iko kwenye swali hili. Kinachotakiwa ni ushahidi wa mtaa wenyewe, uliokusanywa kwa utaratibu. Kadi mbili nimeshachora. Kosa la safari ile nimelitafakari kwa kina na nimelielewa: chaki ni dhaifu, watu waliifuta kwa matambara na hesabu ikaharibika.

Gaspar ameniachia nusu kopo la rangi nyekundu. Naanza kesho asubuhi, nyumba ya kwanza ni ya Mzee Mfaume.