Funguo Tatu za Sanduku la Llandderwen

Gronw aliingia kanisani Llandderwen kukwepa mvua, wala si kusali. Watakatifu wa ukutani walikuwa wamekwisha kupakwa chokaa kwa amri ya mfalme, lakini chini ya kiwambo cha mwaloni kilichochongwa mizabibu aliona sanduku la gogo zima lililochimbwa, lenye kufuli tatu. Mji mzima ulijua kuwa humo mna kikombe cha fedha cha misa. Ufunguo mmoja alikuwa nao padri, mwingine Deio mzee wa kanisa, wa tatu mwenzake Tudur, ili mmoja asiibe bila wenzake. Mpango mzuri, kama watu ni waaminifu.

Alianza kwa padri Meurig.

"Baba, mke wangu ana kifafa. Nimeambiwa akishika ufunguo wa kanisa atapona."

"Ufunguo mmoja haufungui kitu, mwanangu," padri alisema, macho yake yakiwa kwa farasi wa Gronw. "Ila huyo mnyama ana miguu mizuri."

Farasi akabaki kwa padri, ufunguo ukaenda na Gronw. Deio, mtengeneza ngozi, alichukua joho lake kwa ufunguo wa pili. Tudur, mwoka mikate, alitaka viatu.

"Vua taratibu," Tudur alisema. "Usinipasulie viatu vyangu."

Gronw akarudi kanisani peku, anacheka moyoni. Wapumbavu watatu, kila mmoja anadhani amemlalia mgeni! Kufuli ya kwanza ikalegea, ya pili, ya tatu. Ndani mlikuwa na kipande cha mshumaa na panya aliyekauka.

Alikuwa bado ameinama mtu wa mfalme alipoingia na karani wake kuhesabu mali ya kanisa. Nyuma yao walisimama wale watatu, wapole kama kondoo.

"Nani mwenye funguo?"

"Huyo, bwana," padri alijibu. "Zote tatu."

"Kikombe kiko wapi?"

"Mimi mpita njia tu," Gronw alisema. "Wameniuzia hawa."

"Tuuze funguo za kanisa?" Deio aliuliza kwa huzuni, huku akijifunga joho. "Sisi wacha Mungu?"

"Mwenye funguo ndiye wa kujibu," mtu wa mfalme alisema. "Mfungeni."

Tangu Pasaka wale watatu walikuwa wakimtafuta mjinga wa kuwabebea mzigo ule. Jumapili, nyuma ya magunia ya unga ya Tudur, wacha Mungu watatu walikunywa divai kwa zamu katika kikombe cha fedha. Halafu wakakaa hapohapo hadi jioni, maana maficho yale hayakuwa na kufuli, na hakuna aliyethubutu kutangulia kwenda nyumbani.