Kaptura Mezani

Jumatatu, 2 Machi

Tumeng'oa nanga asubuhi. Abiria wapya, bahari shwari, habari mbaya.

Meneja wa hoteli ya melini aliniita baada ya kifungua kinywa. Akasema usiku wa mavazi rasmi uko kwenye mizani. Safari iliyopita waliovaa suti walijaza meza mbili za pembeni tu, wakakaa kimya kama watu waliokosea shughuli. Ijumaa hii ukumbi wa chakula usipojaa suti na magauni, desturi hiyo inafutwa. Chumba changu cha kukodisha suti atapewa mkuu wa burudani aweke mipira na maboya. Mimi nitahamishiwa bwawani kugawa taulo.

Kugawa taulo! Mimi ninayefunga tai ya kipepeo nimefumba macho!

Mkuu wa burudani tunamwita Kaptura, maana hajawahi kuonekana na vazi jingine. Jioni alikuja kupima chumba changu kwa hatua. Nikamuuliza amepoteza nini. Akacheka, akasema: "Fundi, dunia imeshavua tai. Umebaki wewe na henga zako za kutundikia suti." Alipofika mlangoni akaongeza kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Nikamwambia kaptura yake mwenyewe haisitiri magoti. Lilikuwa jibu zuri sana. Bahati mbaya lilinijia ameshapanda ngazi.

Jumanne, 3 Machi

Mpango wa kwanza. Nimefikiri hivi: watu hawaichukii suti, wameisahau tu. Kizuri chajiuza, lakini sharti kwanza kionekane. Kwa hiyo adhuhuri nilivaa suti nyeusi, kizibao, tai na viatu vya kung'aa, nikatembea polepole kuzunguka bwawa la kuogelea.

Bwana mmoja ndani ya maji akaniagiza juisi ya nanasi. Mwingine akataka barafu. Mama mmoja aliyekuwa akijipaka mafuta alinivuta pembeni, akaniuliza kwa sauti ya chini ni nani amefariki. Nikamwambia hakuna. Akanifinya mkono, akasema anaelewa, kazi yetu ya melini ina siri zake.

Kufikia alasiri meli nzima ilikuwa inamlilia marehemu asiyejulikana. Ilibidi nahodha atangaze kwenye vipaza sauti kwamba sote tu hai. Meneja akanipiga marufuku kuvaa suti kabla jua halijazama.

Shemeji yangu, ambaye ni mkuu wa chumba cha dobi (ndiye aliyemwoa dada yangu), alicheka mpaka akaegemea mashine. Akanikumbusha kwamba methali yenyewe haijaishia pale. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Nilikuwa bado navuja jasho.

Jumatano, 4 Machi

Hatimaye mteja wa maana! Mjane mmoja, mama mtu mzima, aliniletea gauni la bluu lenye shanga kifuani, nililegeze mbavuni. Gauni la zamani, mshono wa mkono, safi hata kwa ndani. Nilitamani kulisalimia.

Nikamwambia yeye ndiye abiria wa kweli katika meli hii. Akatabasamu. Alikaa kwenye kiti huku nafumua, akasimulia. Yeye na marehemu mumewe walisafiri hivi karibu kila mwaka. Mumewe hakujua kufunga tai hata siku moja. Kila jioni walisimama mbele ya kioo cha ukumbini, yeye akimfunga, mume akilalamika kwamba ananyongwa. Anasema sehemu aliyoipenda zaidi ya safari ilikuwa hiyo, kuliko bandari zote.

Kisha akasema jambo jingine. Zamani hizo waliwahi kumwona kijana aliyerudishwa mlangoni kwa kukosa tai. Alikuwa na mkewe, wamo kwenye fungate, mke amejipamba kweli kweli. Wakageuka wote wawili wakaondoka. Yule mama anasema alikula jioni ile, lakini hakumbuki alikula nini. Anakumbuka mgongo wa yule binti tu.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, siku hizi hilo lisingetokea. Ningemkodisha tai kijana yule, na kitambaa cha mfukoni juu yake.

Akasema, "Haya mwanangu, shona."

Nimelifikiria sana jambo hilo leo. Kweli wanapaswa kuweka tai za akiba mlangoni.

Alhamisi, 5 Machi

Mpango wa pili, na huu ni wa akili.

Leo ni siku ya kufuliwa bure. Abiria hujaza mifuko kila kilichochafuka, yaani kaptura, fulana, magauni mepesi ya pwani, na kesho mchana hurudishiwa. Sasa je, mifuko ikichelewa mpaka Jumamosi? Mtu hana kaptura. Hana fulana. Njaa inamuuma. Atakwenda wapi kama si kwangu? Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Shemeji alikataa katakata. Akasema ataambiwa mashine zimeharibika kwa uzembe wake. Nikamuuliza kwa upole kama dada yangu anajua habari za keki. Daktari amemkataza shemeji vitu vitamu, lakini mimi nimemwona kwa macho yangu, nyuma ya rundo la mashuka, uso umejaa krimu. Akajifuta mdomo. Kisha akasema, kweli kikulacho ki nguoni mwako. Nikamwambia yeye anashinda kwenye nguo za watu, asishangae.

Mifuko imefungiwa stoo. Nimezipiga pasi suti zote. Nimepanga tai kwa rangi. Chumba kinanukia wanga na ushindi.

Ijumaa, 6 Machi

Mchana wateja wawili tu. Mmoja alikuwa amepotea, anatafuta kinyozi. Sikutishika. Nikajua watakuja kwa kishindo dakika za mwisho.

Jioni nilisimama mlangoni mwa ukumbi, tai zimening'inia mkononi kama samaki wa kuuza. Ngazi zikaanza kutoa watu.

Weupe! Weupe mtupu! Wamekuja na majoho ya taulo!

Nilisahau. Kila chumba kina joho la taulo la kwendea bwawani, limening'inia nyuma ya mlango. Wamekosa kaptura, wakavaa hilo. Familia nzima nzima, na kandambili. Bwana mmoja mwenye kitambi alinikonyeza, akasema, "Fundi, leo tumependeza, au siyo?"

Meneja alishika kichwa. Nahodha akaingia na nishani zake zote kifuani, akasimama, akatazama kulia na kushoto. Halafu akacheka. Akatuma mtu amletee joho.

Lazima niandike kweli, maana hiki ni kitabu changu mwenyewe. Sijawahi kuona ukumbi ule vile. Siku zote wa vyumba vya juu hukaa na wa juu, wa chini na wa chini, na unawajua kwa mshono. Leo hakuna aliyejua nani ni nani. Walihama meza. Waliulizana habari za watoto. Mtu alimkatia nyama mzee asiyemfahamu.

Na yule mjane wangu aliingia na joho, kidani shingoni, miguu ndani ya soksi. Nikamkimbilia. Nikamuuliza gauni limebana wapi, nilirekebishe papo hapo. Akasema halijabana, nimelishona vizuri mno.

"Ila mwanangu, lile nilikuwa nalivaa ili mtu mmoja alione. Leo nimekuja kula."

Akanipiga piga begani, akaenda kukaa na watu asiowajua. Nilimsikia akicheka. Nilibaki nimesimama na tai zangu. Nikalegeza ile ya shingoni mwangu. Nadhani kola ilikuwa na wanga mwingi.

Jumamosi, 7 Machi

Mifuko imerudi. Hakuna aliyelalamika! Wengine wamesema wasirudishiwe kwanza.

Kumbe jana, nilipokwisha kuondoka, Kaptura alishika kipaza sauti, akawashukuru abiria kwa kushiriki Usiku wa Majoho, ubunifu wa idara yake. Leo Meneja amempongeza mbele ya wafanyakazi wote. Usiku huo sasa ni wa kila Ijumaa. Mavazi rasmi yamefutwa.

Nilisimama kusema ukweli kwamba ubunifu ni wangu. Shemeji akanikanyaga mguu. Nikakumbuka kwamba nikidai sifa, nadai na lawama ya mifuko. Nikakaa. Kaptura akanipigia makofi.

Suti zitashushwa bandari ijayo. Nimezifunika moja moja. Ile nyeusi nimeikumbatia kidogo, hakuna aliyeona.

Jumapili, 8 Machi

Kituo kipya: mtunza majoho, chini ya Kaptura. Meza yangu iko kando ya bwawa.

Nilianza na moyo mzito. Lakini kadiri nilivyoyakunja majoho ndivyo nilivyoona fujo iliyomo. Mikono mirefu, kola zimelala kama masikio ya mbwa mgonjwa, mikanda inafungwa kama kuni. Hivi ndivyo watu wataingia ukumbini? Mbele ya nahodha?

Nimekwenda kwa shemeji. Kuanzia Ijumaa ijayo kila joho litatiwa wanga mpaka lisimame lenyewe. Mikunjo miwili mgongoni, kola wima, mkanda kwa fundo moja tu, nitakalolikagua mlangoni. Shemeji amesema watu watachubuka shingo.

Nimemwambia heshima haikosi kuchubua kidogo.