Kampuni Yangu Inaishi Louisville

2 Machi 2025, Jumapili

Kuanzia leo mimi ni mkurugenzi. Kampuni bado sina, lakini hilo ni suala la siku chache.

Mambo yalikuwa hivi. Wiki iliyopita mke wangu Nzigire alikwenda kung'olewa jino kwenye kliniki moja huko North Buffalo. Akarudi na pengo na habari. Msimamizi wa kliniki, mama anayeitwa Patricia, anatafuta kampuni ya kufanya usafi jioni, maana ile ya sasa inaondoka. Anataka kampuni halali: iliyosajiliwa, yenye namba ya kodi, yenye bima. Karatasi zimfikie Ijumaa ya tarehe 14. Kazi inaanza Jumatatu inayofuata.

Nzigire anafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya wazee. Anawageuza, anawanyanyua, anawabadilisha nguo. Mgongo umemshinda. Yeye anarudi asubuhi, mimi ndiyo natoka kwenda ghalani, tunasalimiana mlangoni kama majirani. Alisema tukiipata hii kazi ya kliniki, anaacha usiku. Alisema mara moja tu, akaenda kulala.

Alitaka twende pamoja kuuliza kwenye ofisi za kaunti. Nikamwambia aniachie mimi. Bukavu nilikuwa karani wa ofisi ya komini, yaani manispaa, ya Kadutu. Karatasi nazijua!

Leo kanisani, wakati wa matangazo, nikasimama na kuitangaza kampuni. Makofi. Baada ya ibada akanifuata Karekezi, kiongozi wa kwaya, mtu wa Minembwe. Tunafanya kazi ghala moja. Anaendesha foklifti kwa maringo yasiyovumilika. Akauliza kwa upole kliniki yenyewe iko wapi. Nikamwelekeza mpaka mlango. Nimefika nyumbani ndipo nikajiuliza kwa nini aliuliza. Mwizi!

3 Machi, Jumatatu

Siku ya kutafuta ushauri. Nimeutafuta mbali, kwa sababu watu wa Buffalo wanasengenya.

Kwanza binamu yangu Hyacinthe, wa Louisville. Ana kampuni ya usafirishaji yenye gari moja. Anasema kwao Kentucky mtu anasajili kampuni akiwa amekaa kwenye kochi, na jibu linakuja haraka mpaka unashtuka. Nikamuuliza, je, sisi wa New York? Akacheka. "Bon, kaka, Amerika iko moja. Usijichokeshe."

Halafu Ezéchias, wa Columbus, tuliyekaa naye kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Yeye hapigi simu, anatuma ujumbe wa sauti. Nimeisikiliza ya leo kuanzia kituo cha basi mpaka ghalani, na bado alikuwa hajamaliza salamu. Kwa kifupi: mtu asithubutu kwenda ofisini kwa miguu yake. Huko Columbus kuna aliyekwenda, akaambiwa arudi kesho.

Nzigire aliamka akanikuta tena kwenye simu na Hyacinthe. Akasema kila jimbo lina sheria zake, na kampuni ya kufanya kazi Buffalo inaandikishwa huku. Nikauliza nani kamwambia. Rakeli, mwenzake wa kazi kwa wazee. Rakeli ni mke wa Karekezi! Nikamweleza mke wangu jinsi adui anavyofanya kazi. Akarudi kulala.

Uamuzi umepita. Hyacinthe anaandikisha leo kwa anwani yake ya Louisville. Jina la kampuni: Ufalme wa Usafi International. Hiyo "International" ni ili mteja aogope kidogo.

4 Machi, Jumanne

Kampuni imezaliwa! Cheti kimekuja kwa barua pepe, nikakichapisha maktaba.

Nimekitazama muda mrefu. Karatasi nyeupe. Maandishi. Kinachoitwa saini ni picha ya saini. Hakuna muhuri. Nikageuza nyuma, huenda wameuficha. Hakuna.

Kadutu, karatasi isiyo na muhuri tulifungia karanga. Mimi mwenyewe ndiye niliyekaa na muhuri, mfuko wa shati, upande wa moyo. Watu waliusalimia mfuko kwanza, kisha mimi. Sasa serikali nzima ya jimbo inanitumia kitu ambacho hata mwanafunzi anaweza kukichapa!

Hyacinthe anasema ndivyo vilivyo, yeye pia chake kiko hivyo. Maskini. Kampuni yake ina miaka na hajui kama ipo.

Nikamgeukia Ezéchias. Huyu hakucheka. "Karatasi bila kashe iko karatasi gani, kaka?" Kumbe ndiye anayechongesha mihuri ya vyama vyote vya Wakongo wa Columbus. Nimeagiza wa duara, nyota tatu, na simba katikati.

6 Machi, Alhamisi

Nimeanza kumchunguza Karekezi. Wakati wa mapumziko alijificha nyuma ya mabunda ya kadibodi, simu sikioni, anaongea Kiingereza taratibu. Nikasogea kama mtu anayetafuta glavu. Nikasikia neno bima. Aliponiona akakata simu, akasema ni mambo ya kwaya. Kwaya gani inakatiwa bima?

Nikampiga kijembe. Nikasema siku hizi kuna watu wanaimba Jumapili na kunyang'anya Jumatatu. Akaniuliza kama nimekula. Akanigawia nusu ya chapati zake na maharage. Nilikula, ila hiyo si amani.

Nyumbani Nzigire aliuliza kama nina namba ya kodi. Nikamwambia muhuri uko njiani.

8 Machi, Jumamosi

Muhuri umefika. Niliomba simba, amekuja sokwe. Ezéchias anasema fundi hakuwa na simba mzuri, na sokwe ni wa kwetu, wa Kahuzi, yule mkubwa mwenye mgongo mweupe. Amekaa vizuri, kakunja mikono, anaonekana mtu wa utawala.

Wino mwekundu. Nikatandika kitambaa mezani, nikanawa mikono, nikagonga cheti. Chini upande wa kulia. Halafu juu ya ile saini, kuipa nguvu. Halafu pembeni, kwa sababu mkono ulishakumbuka kazi. Sasa ni karatasi! Nzigire alipita na kikapu cha nguo, akasimama, akatazama, akaendelea.

9 Machi, Jumapili

Usiku nchi hii wameisogeza saa mbele kwa saa moja, kama kila mwaka, bila kunishirikisha. Nimefika kanisani wanatoa baraka.

Hata hivyo nilikionyesha cheti nje, kwenye boneti ya gari. Watu walikipokea kwa mikono miwili. Mzee mmoja aliomba nimgongee kadi yake ya maktaba. Nikamgongea, ni mtu mzima.

Rakeli akaja, akakiinamia cheti, akaniuliza. "Papa Olivier, huyu makaku ndiye iko directeur?" Sokwe wangu kaitwa tumbili! Wanawake wakacheka, Nzigire pia. Nimeliandika hapa ili lisisahaulike.

10 Machi, Jumatatu

Benki, kufungua akaunti ya kampuni. Nilivaa koti la harusi.

Kijana wa benki alikuwa na adabu mpaka alipofungua bahasha ya cheti. Akamtazama sokwe. Sokwe akamtazama. Akaomba ruhusa, akaingia chumba cha nyuma. Nikajua anamwita mkubwa wake aje anisalimie. Mkubwa akaja, hakunisalimia. Alisema mambo mawili.

La kwanza: cheti cha serikali kikishagongwa vitu na mtu binafsi, hawakipokei. Nikaeleza kwamba nimekiongezea, sijakipunguzia. Haikusaidia.

La pili ndilo zito. Kampuni yangu ni ya Kentucky. Inaishi Louisville, kwa Hyacinthe. Kwa sheria ya New York ni kampuni ya kigeni, na haina ruhusa ya kufanya kazi hapa mpaka iombe Albany, makao makuu ya jimbo. Nimekaa kambini miaka mingi nikingoja kibali cha kuingia nchi hii. Nimeingia, nimezaa kampuni, nayo imekuwa mgeni!

Nilimpigia Hyacinthe. Akasema pole, ila kwa upande wa Louisville kila kitu kiko sawa.

12 Machi, Jumatano

Nimesoma habari za Albany na nimefarijika. Kuna sheria moja nzuri sana. Kampuni ya namna yangu ikishapata ruhusa New York, lazima itangazwe kwenye magazeti mawili, wiki sita mfululizo. Jina langu! Magazetini! Hyacinthe hakufanyiwa hivyo. Ezéchias naye hakufanyiwa. Nimewatumia sauti ndefu kuwaeleza.

Jioni nimeandika tangazo. Nimeanza na babu, nikapita Kadutu, nikafika Buffalo. Nimepigia simu gazeti moja kuuliza picha ikae upande gani. Dada wa kule akasema tangazo halina picha wala babu. Ni jina la kampuni, tarehe, kaunti na anwani. Nimemwambia nitaongea na wakubwa wake.

Nzigire alikuwa anafunga kamba za viatu vya kazi. Akauliza kama karatasi zitakuwa tayari Ijumaa. Nikasema karibu. Akauliza karibu ni lini. Nikaanza kumwelezea magazeti. Alisimama kwa kushika ukuta, mkono mmoja kiunoni, akachukua mkoba, akatoka kwenye theluji. Niliona haya. Sikuandika tena tangazo leo.

14 Machi, Ijumaa

Nimeomba ruhusa ghalani. Mpango: kwenda kwa Patricia uso kwa uso, kumwomba wiki chache. Nilivaa tena koti la harusi, nikachukua faili, cheti na sokwe.

Nafika kliniki, nje kuna gari la Karekezi. Damu ikanipanda. Nikaingia nimeshapanga maneno. Karekezi amekaa kwenye viti vya wagonjwa, koti la kike mapajani, na mkoba wa kike juu yake. Mkoba naufahamu. Nilimnunulia Nzigire mimi.

Nikamuuliza mke wangu yuko wapi. Akanyoosha kidole kwenye mlango wa kioo. Ndani, Nzigire, Rakeli na Patricia. Patricia anasaini.

Karekezi akanisimulia polepole, kama anavyofundisha sauti ya tatu kwenye kwaya. Jumanne ya wiki iliyopita, siku kampuni yangu ilipozaliwa, wale wawili walitoka kazini asubuhi wakaenda moja kwa moja kwenye jengo la kaunti. Wakaandikisha jina la biashara yao kama washirika. Hakuna Albany, hakuna magazeti, maana ushirika wa watu wawili hauhitaji hayo. Namba ya kodi wakaichukua mtandaoni. Wakaomba cheti cha kutoza kodi ya mauzo, kwa sababu kusafisha ofisi hapa kunatozwa. Bima aliihangaikia yeye kwa simu, nyuma ya kadibodi. Alinyamaza kwa sababu Nzigire alimwomba. Alitaka nipate nafasi yangu mpaka siku ya mwisho.

Biashara inaitwa Nzigire na Rakeli. Basi. Haina hata ufalme.

Wakatoka. Nzigire aliniona na koti langu la harusi, hakukasirika. Akanipa nakala ya kaunti nitazame, anajua napenda karatasi. Ina muhuri! Wa kweli, umekandamizwa ndani, kidole kinausikia. Nikaomba kuushika tena. Rakeli akasema nisichafue.

Nikamuuliza Nzigire kama ameshaaga kwa wazee. Akasema leo ni usiku wa mwisho. Machozi yakanitoka mbele ya wagonjwa. Nikasema ni jino. Watu wa mapokezi wakaniuliza kama nimepanga siku ya kumwona daktari.

18 Machi, Jumanne

Jana tulianza. Mimi nimeajiriwa. Karekezi pia, baada ya ghala. Mke wangu ni bosi, Rakeli ni bosi, sisi ni watu wa mopu. Patricia alipita, akasema sakafu inang'aa. Alimwambia Nzigire, siyo mimi, na niliyeisugua ni mimi.

Leo asubuhi niliamka nikamkuta Nzigire pembeni yangu, amelala, mdomo wazi. Nimekaa kitandani namtazama mpaka nikachelewa basi. Nimefurahi sana, nisidanganye.

Lakini furaha ni jambo moja na haki ni jambo jingine. Sina cheo. Watu wa Louisville na wa Columbus wote wanajua mimi ni mkurugenzi. Leo, tukisafisha korido, nikamfungua macho Karekezi. Nikamwambia nchi hii wafanyakazi wana vyama, na chama kinahitaji rais. Akaniuliza wanachama ni akina nani. Nikamwonyesha mimi, nikamwonyesha yeye. Kura zimepigwa pale pale kwenye ndoo. Mimi ni rais, yeye ni makamu, anasimamia nyimbo.

Madai yetu: cheo kwa kila mwanachama, mopu mpya, na heshima kwenye korido. Wakikataa, mgomo Alhamisi. Karekezi akauliza, donc, tukigoma dhidi ya wake zetu, Alhamisi tutakula wapi? Hilo nilikuwa nimeshalifikiria, ndiyo maana ya kuwa na uongozi. Mgomo utaanza baada ya Nzigire kupakua.