Madam Rahaf Aagiza Chapati za Malenge

Jumapili, 9 Novemba

Nimenunua shajara yenye kufuli. Ufunguo nimeufunga shingoni kwa uzi. Kufuli linafunguka hata kwa kibanio cha nywele, nimejaribu. Basi nitaandika kwa uangalifu.

Lengo la wiki: kuwapatanisha Mama na Mjomba Lenny kabla ya Jumamosi jioni. Siku sita. Zinatosha.

Maelezo, nisije nikasahau nikiwa mtu mzima. Mjomba Lenny ni mdogo wake Mama, fundi wa magari Satwa, hapa Dubai. Zamani alikuwa anakula kwetu kila Ijumaa. Miaka miwili iliyopita alimwambia Mama kwamba Yekoniya, Mganda anayeishi naye, si mpangaji mwenzake tu. Ni mpenzi wake. Mama alisema maneno ambayo sitayaandika. Mjomba aliacha chakula nusu, akaondoka. Tangu siku hiyo jina lake halitajwi nyumbani. Anaitwa "yule". Kikombe chake cha buluu kiko nyuma kabisa kabatini. Mama hukiosha kila Jumamosi ingawa hakuna anayekinywea. Labda ni vumbi.

Baba anaendelea kumwona. Gari letu huharibika kuliko magari yote ya Al Twar. Leo baada ya kanisa liliharibika tena, tukaenda gereji, na huko ndiko niliposikia habari. Jumamosi kuna chakula cha jioni cha harambee kwa Anti Joweria, Al Mankhool. Kinachangia nyumba moja huko Nairobi inayopokea vijana waliofukuzwa na familia zao kwa kuwa ni mashoga au wasagaji. Nyumba hiyo pia inawatafutia mawakili, ili watendewe sawa na watu wengine. Mjomba ndiye mpishi mkuu. Aliuliza habari za Mama huku amelala chini ya gari, kwa hiyo sikuuona uso wake.

Anti Joweria ameagiza: hakuna picha, hakuna kuposti, hakuna kutaja kwenye grupu lolote. Nchi ina sheria zake na kuta za Al Mankhool ni nyembamba. Majirani wataambiwa ni sherehe ya kuzaliwa ya binti yake, Barbara. Barbara alizaliwa Machi. Mimi nilizaliwa Novemba! Hakuna aliyenifikiria.

Jumatatu, 10 Novemba

Mpango wa kwanza: Kikombe. Niliamka mapema, nikachemsha chai, nikamwekea Mama ndani ya kikombe cha buluu. Akikishika atakumbuka, akikumbuka atalia, akilia atapiga simu.

Mama alikitazama. Akaimimina chai kwenye kikombe kingine, akakiosha kile cha buluu, akakifuta muda mrefu sana, akakirudisha nyuma kabatini. Kisha akaniuliza kama nimefanya hesabu zangu.

Kushindwa kabisa. Na hesabu sikuwa nimefanya.

Jumanne, 11 Novemba

Barbara alinipigia simu ya video akiwa na taji la karatasi kichwani. Anafanya mazoezi. Atasimama mlangoni na orodha ya wageni, na asiye kwenye orodha haingii, hata awe nani. Mama yake amemwagizia keki yenye jina lake. Akaniuliza mimi nimepewa kazi gani. Nikasema niko kitengo cha siri. Akasema alisikia nitabeba soda.

Kitu kimoja cha maana alisema. Hakuna mtu wa chapati! Nusu ya wageni ni Wakenya. Mjomba alipendekeza wanunue zile za kugandishwa za dukani, na Mkenya mmoja kwenye kamati akatishia kujiuzulu. Ndipo Mjomba akasema kwamba kama ni yeye angekula chapati za malenge za Cucu, bibi yangu wa Nyeri, lakini mtu pekee Dubai anayejua kuzipika hazungumzi naye.

Mtu huyo ni Mama! Mama hupika chapati za kuuza kila mwisho wa wiki baada ya zamu yake hotelini. Za kawaida tu. Za malenge hajazipika kwa miaka miwili.

Nimepata wazo kubwa kiasi kwamba sikuweza kula.

Jumatano, 12 Novemba

Nimemzaa mteja kichwani mwangu. Anaitwa Madam Rahaf. Ni mwanamke tajiri, ana dereva, na wazazi wake walitoka Zanzibar, ndiyo sababu anaandika Kiswahili. Hakuna pengo hata moja.

Barua nimeiandika kwa muundo rasmi aliotufundisha Mwalimu Amour kwenye masomo ya Jumamosi: anwani kulia, tarehe chini yake, kisha KUH: MAOMBI YA CHAPATI ZA MALENGE THEMANINI. Aya tatu. Katika aya ya pili Madam Rahaf anasisitiza kwamba malenge yapikwe kwa mvuke, yasichemshwe, na kwamba iliki iwe kidogo tu. Katika ya tatu anaomba mpishi azilete yeye mwenyewe, Jumamosi saa moja jioni, Al Mankhool, ghorofa ya nne. Wako mtiifu, Rahaf. Nimetumia karatasi nzito ya shule, maana karatasi ya kawaida haina heshima.

Dhambi ya uongo nimeiombea msamaha mapema, kabla sijaitenda, ili hesabu yangu iwe sawa.

Siraje, mlinzi wa jengo letu, amekubali kumpa Mama barua na kusema imeletwa na gari jeupe. Alikuwa na wasiwasi. Nikampa mandazi mawili. Akasema magari ya Dubai karibu yote ni meupe, kwa hiyo si uongo mkubwa.

Alhamisi, 13 Novemba

Mama aliisoma barua amesimama. Akaisoma tena amekaa. Akaigeuza nyuma, akaiinua kwenye taa. Akampa Baba. Baba alikohoa hadi akatoka nje.

Mama alisema Madam Rahaf ana Kiswahili safi. Akasema ni ajabu Mzanzibari kujua chapati za malenge za Nyeri, tena kwa mvuke. Nikasema matajiri husafiri sana. Akasema ndiyo, husafiri.

Kisha pigo! Chapati atapika, lakini hataenda Al Mankhool. Baba atazipeleka kwa gari. Nikamkumbusha kwamba barua inasema mpishi azilete mwenyewe. Akasema kuna madam wengi Dubai wanaodhani wakisema njoo basi mtu anakuja.

Baba asipate gari. Hiyo ndiyo kazi ya leo.

Baadaye: ufunguo wa gari nimeuficha ndani ya pipa la unga. Hakuna atakayeutafuta humo.

Ijumaa, 14 Novemba

Mama anatumia unga kupika chapati. Sikuliwaza hilo.

Shule iliisha saa sita, nikarudi mbio, nikamkuta amekunja mikono ya gauni na kopo limezama ndani ya pipa. Likatoka na ufunguo juu yake. Nilijua nimekwisha. Lakini Mama aliupuliza unga, akautia mfukoni mwa aproni, akaendelea kupima. Baba alipouliza kama kuna aliyeuona ufunguo wake, Mama akasema hajauona, na kwamba itabidi kesho wapande teksi. Chapati zote hizo haziwezi kwenda na Baba peke yake kwenye teksi, atazikalia. Basi Mama ataenda pia.

Amesahau kabisa kwamba ufunguo uko mfukoni mwake! Nimeanza kuwa na wasiwasi juu yake. Ana miaka arobaini na moja.

Tulipika hadi jioni. Mimi nikiponda malenge, yeye akisukuma. Alilalamika kwamba malenge ya hapa ni maji matupu. Alinihadithia jinsi Cucu alivyoongeza malenge ili unga wa chapati kumi utoe ishirini, na jinsi mtu fulani alivyokuwa anaiba ya kwanza kutoka kwenye karai akiungua vidole. Hakumtaja jina. Kisha akauliza, akiwa amenipa mgongo, kama Madam Rahaf bado anakohoa kwa sababu ya moshi wa magari. Nikasema siku hizi hakohoi, Yekoniya amemnunulia barakoa. Mama akasema vizuri.

Dakika tano baadaye nilishtuka. Nilikuwa nimejibu bila kufikiri! Lakini Mama hakugundua chochote. Aliendelea kusukuma. Kifuta machozi alichotumia ni kitambaa cha vyombo. Ni vitunguu tu, ingawa chapati hazina vitunguu.

Barua iliagiza themanini. Amepika mia moja na kumi.

Jumamosi, 15 Novemba

Naandika haraka kabla sijasahau.

Mama alivaa gauni la kijani la harusi kwenda kupeleka chapati. Nilimwambia wapishi huvaa kawaida. Baba alivaa tai.

Mlangoni alisimama Barbara na taji lake. Akapekua orodha. Akasema chapati zimo, Baba yumo, mimi nimo chini ya soda, lakini Mama hayumo. Nikamwambia Mama ndiye mwenye chapati. Akasema sheria si yake. Nikamwambia Machi. Akanywea kidogo, lakini hakusogea. Wiki nzima ya kazi yangu, na inavunjwa na taji la karatasi!

Mama alisema basi, akaweka hotpoti la chapati chini na kugeuka. Ndipo Mjomba Lenny akatokea jikoni na mwiko mkononi.

Mama akamwambia amekonda. Mjomba akasema ni gereji. Mama akasema hotpoti ni zito, kwani hakuna mwanamume humu ndani. Yekoniya akaja mbio, akalipokea kwa mikono miwili na kumsalimu akiwa ameinamisha kichwa. Hakujua aliweke wapi, naye aliogopa kuuliza, akabaki amelishika.

Mama alikaa jikoni kwenye kiti cha karibu na mlango, mkoba mapajani, kama mtu anayengoja basi. Alisema anangoja hotpoti lake tu. Mjomba alikoroga mchuzi uliokwisha kuiva.

Sebuleni mambo yalikwenda vizuri. Watu thelathini, viti kumi na vinne. Anti Joweria alisoma barua ya msichana mmoja wa ile nyumba ya Nairobi. Aliandika kwamba chakula ni kizuri na kitanda ni chake mwenyewe, ila siku za sikukuu anaweka simu karibu, labda mama yake atapiga. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Mwiko wa Mjomba ulisimama. Mama alikuwa anaangalia sakafu.

Kisha mnada wa chapati, kama kwenye harambee za kwetu: anayeinunua anairudisha iuzwe tena. Chapati moja iliuzwa mara saba. Watu walipiga makofi na vigelegele. Mlango ukagongwa.

Barbara akachungulia kwenye tundu la mlango: mlinzi wa jengo lao! Niliona rangi za watu zikibadilika. Mtu alizima taa, mwingine akaiwasha. Anti Joweria akanong'ona yalla, haraka, wimbo, wimbo. Tukamwimbia Barbara wimbo wa kuzaliwa, kila mtu kwa sauti yake, Mjomba akiimba kuliko wote na nje ya tuni kuliko wote. Mlinzi akagonga tena. Hakuna aliyekwenda.

Mama akatoka jikoni. Gauni la kijani, mkoba mkononi. Akafungua mlango, akatabasamu kama anavyotabasamu hotelini, akamwambia mlinzi samahani kwa kelele, ni sherehe ya mtoto. Na hiyo sauti mbaya ni ya mdogo wake, Lenny. Tangu utotoni hajui kuimba polepole. Akampa chapati nne za moto zilizofungwa kwenye karatasi. Mlinzi akamtakia Barbara maisha marefu, akaenda zake.

Mama akafunga mlango. Mdogo wake, Lenny. Miaka miwili!

Mjomba alikuwa ameshika mwiko kama mshumaa. Mama akamwambia asimtazame hivyo, bado hajamaliza kufikiri. Lakini amechoka kuosha kikombe kisichonywewa. Akafungua mkoba, akatoa kile cha buluu, kimezungushiwa gazeti. Akamwambia akirudishe Ijumaa, saa ya chakula. Kisha, akiangalia pembeni, akamwambia Yekoniya aweke hilo hotpoti chini jamani, na Ijumaa aje nalo.

Mjomba alikunywa soda kwenye kikombe hicho jioni yote. Mimi ndiye niliyemmiminia. Barbara alipuliza mishumaa mara tatu, na hata mara ya tatu alipigiwa makofi. Nilimpigia pia.

Jumapili, 16 Novemba

Ushindi! Nimeuchunguza usiku kucha na naona wazi: ni barua. Bila barua, hakuna kitu. Mama hajashuku hata kidogo.

Leo ameibandika kwenye mlango wa friji. Alisema Madam Rahaf akitaka kuandika tena anakaribishwa, ila atafute karatasi isiyo na nembo ya shule yetu. Nilidhani nimegunduliwa. Kisha nikaelewa: amedhani Madam Rahaf ana mtoto anayesoma kwetu. Bahati ilioje! Baba alikohoa tena. Itabidi aende kwa daktari. Ufunguo wa gari ameukuta ndani ya kiatu chake, na Mama anasema hajui ulifikaje.

Sasa kuna Cucu. Cucu naye hajazungumza na Mjomba kwa miaka miwili, na mwezi ujao anakuja Dubai kukaa nasi wiki tatu. Nimefikiria wakati wa ibada. Cucu hamsikilizi mtu isipokuwa mzee wa kanisa. Basi nimemzaa mzee wa kanisa wa Nyeri. Anaitwa Cyrus, ni mjane, ana hekima, na kwa bahati anajua habari zote za familia yetu. Nimeshaandika anwani kulia na tarehe chini yake. KUH: MAPATANO.

Karatasi nitatumia ileile ya shule. Ina heshima.